Xeon 6 au EPYC kwa SACCOS ya Moshi? Kwanza jua seva yako inasubiri nini

Swali limetoka kwa dada mmoja anayesimamia IT kwenye SACCOS pale Moshi, nalifupisha: "Shikamoo kaka. Seva yetu ni HPE ProLiant DL380 Gen9, prosesa mbili za Xeon E5-2620 v4, tunayo tangu 2017. Kufunga mwezi tunaanza saa 12 jioni tunamaliza saa 8 usiku, na mwezi wa sita tulifika mpaka asubuhi wanachama wakiwa mlangoni. Bodi imepitisha hela ya seva mpya. Nina kotesheni mbili mezani, moja ni Xeon 6 prosesa mbili za kori 32 kila moja, nyingine ni EPYC 9005 prosesa moja ya kori 64, na kila muuzaji ameweka grafu inayoonyesha ya kwake inaipita ya mwenzake mbali sana. Nani mkweli? Mfumo wetu uko kwenye Windows Server na SQL Server 2022 Standard."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa hiyo asubuhi, watu wamesimama mlangoni na vitabu vyao mkononi alafu we bado unaangalia asilimia inasogea, sio jambo dogo kabisa. Nakujibu kwa urefu maana hela hii ni ya wanachama na ikishatoka sidhani kama bodi itakupa nyingine kabla ya miaka mitano.

Hizo grafu, ya Xeon ambayo ni prosesa ya Intel na ya EPYC ambayo ni ya AMD, zinaweza kuwa za kweli zote mbili, ila hamna hata moja iliyopima kufunga mwezi.

Soma yale maandishi madogo chini ya grafu, mara nyingi utakuta SPEC CPU 2017. Hicho ni kipimo cha SPEC, shirika lipo tangu 1988, matokeo yanawekwa wazi na unayasoma bure, ni kipimo kizuri na mi mwenyewe nakirudia kila ninapomshauri mtu. Lakini kina sura mbili. Kuna ile ya speed, wanaendesha nakala moja ya kazi wanaangalia imeisha kwa muda gani, alafu kuna ile ya rate, wanapakia nakala nyingi za kazi ileile kwa mpigo, kawaida moja kwa kila thredi (kori ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa, thredi ni foleni ya kazi anayoishughulikia), wanahesabu jumla ya kazi iliyotoka. Kwenye matangazo utaiona rate karibu kila mara, kwa sababu ukiongeza kori namba inapanda tu hata kama kori moja moja haijakimbia zaidi. Sasa fikiria kosta za Arusha na Moshi, rate ni kuhesabu zote kwa pamoja zimebeba abiria wangapi kwa siku. We una mgonjwa mmoja anatakiwa kufika hospitali ya KCMC haraka. Hata ukiongeza kosta mia mbili barabarani yule mgonjwa hatafika mapema kwa dakika moja, anachohitaji ni gari moja linalokimbia na njia iliyo wazi.

Ngoja nieleze kidogo kwa nini wamekimbilia kori nyingi hivi maana ukielewa hapo huwezi kudanganywa na kotesheni yoyote. Mpaka 2017 Intel alikuwa karibu peke yake kwenye seva hizi za x86, yani aina ya prosesa ambayo mifumo yetu mingi ya Windows imetengenezewa, AMD alimtikisa na Opteron mwaka 2003 alafu akapotea. Juni 2017 AMD akarudi na EPYC ya kwanza, kori 32, mwezi uliofuata Intel akatoa Xeon Scalable, kori 28. Agosti 2019 AMD akaja na ile waliyoiita Rome, kori 64, wakati Intel mwaka huohuo kwenye Xeon zake za kawaida alikuwa bado na 28, viwanda vyake vilikuwa vimekwama kwenye teknolojia ya nanomita 14. Alichofanya AMD ni kuacha kutengeneza chipu moja kubwa, akatengeneza vipande vidogo vya kori nane nane alafu akaviunganisha. Ni sawa na mkate wa sinia na vitumbua, mkate ukiungua upande mmoja umeharibika sinia nzima, kitumbua kikiungua unakitoa hicho kimoja vilivyobaki vinaenda mezani. Ndio maana akaweza kuongeza kori bila bei kumshinda. Intel alifika kori 40 mwaka 2021 na 60 Januari 2023, lakini AMD alishafika 96 Novemba 2022. Alafu 2024 ikawa moto kabisa, Juni Intel akatoa Xeon 6 yenye kori ndogo 144, Septemba akatoa ya kori kubwa 128, na Oktoba AMD akajibu na EPYC 9005, hiyo uliyoletewa, inayofika kori kubwa 128 au kori 192 za aina ya Zen 5c zilizobanwa zikae nyingi. Ushindani huu mi naufurahia kwa dhati, miaka ile Intel hana mpinzani tulikuwa tunanunua seva mpya unapata nafuu kidogo tu kuliko ya zamani, leo kizazi kimoja kinaruka mbali.

Ila ushindani ukiwa mkali hivyo, kila mtu anachagua uwanja anaoshinda. Juni 2024 kule Taipei AMD alionyesha prosesa zake za kori 128 dhidi ya Xeon za kori 64, ukiangalia grafu ni ushindi mkubwa, Intel akajibu kwamba upande wake softiwea haikusetiwa inavyotakiwa. Na Intel naye mwaka huohuo yalimkuta, SPEC walitia alama ya kutokufaa kwenye matokeo zaidi ya 2,600 ya seva za Xeon baada ya kuona kompaila ya Intel, yani programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine, ina mbinu inayonufaisha jaribio moja tu, lile la kuchakata XML, yani imetengenezwa ikiijua tayari programu na data ya mtihani. Mwanafunzi aliyeona karatasi kabla. Matokeo yale yalikaa miaka wazi, watu wakanunulia seva.

Na Dell, HPE, Lenovo, Supermicro, hawa wote wananunua prosesa kwa Intel na AMD walewale, kwahiyo muuzaji akikuambia seva ya kampuni yake ina spidi kuliko ya kampuni nyingine na prosesa ni ileile, muulize kwa lipi. Tofauti ya kweli kati yao huku kwetu ni waranti, ni nani ana spea Dar na inachukua siku ngapi kufika Moshi, zaidi ya kilomita 500, na je fundi wa waranti anakuja au unaambiwa upeleke seva wewe. Hilo liandike kwenye mkataba kabla hujaangalia grafu yoyote.

Sasa tuje kwako. Seva yako ina prosesa mbili, kila moja kori 8 na thredi 16, jumla thredi 32. Usiku wa kufunga mwezi fungua Task Manager, upande wa Performance, bonyeza kitufe cha kulia juu ya grafu ya CPU uchague ioneshe kila thredi peke yake. Utapata madirisha 32 madogo. Yaangalie saa 1, saa 3, saa 5, piga picha kwa simu. Kama yote 32 yamejaa basi kweli unahitaji kori zaidi na mi nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono. Lakini nilivyoona kwenye mifumo mingi ya SACCOS, dirisha moja linajaa juu kabisa na 31 yamelala, kwa sababu programu inapita mwanachama mmoja mmoja, inahesabu riba, inaandika, inaenda kwa anayefuata. Na mara nyingine hata hilo moja halijajaa, linapanda linashuka, hapo ujue prosesa inasubiri diski.

Kuthibitisha, ndani ya SQL Server kuna jedwali linaitwa sys.dm_os_wait_stats, linakuambia seva imesubiri nini na kwa muda gani. Chukua nakala yake kabla hujaanza kufunga na nyingine ukimaliza alafu utoe tofauti. Ukiona PAGEIOLATCH_SH imeongoza basi inasubiri kusoma diski, ukiona WRITELOG inasubiri kuandika logi, ukiona SOS_SCHEDULER_YIELD hapo ndio prosesa yenyewe imebanwa. Mistari mitatu tu, na ina thamani kuliko kurasa zote za hizo kotesheni kwa sababu imepima kazi yako na data yako.

Hukuniambia diski ni zipi ila Gen9 nyingi za 2017 zilikuja na diski za SAS za kuzunguka mara 10,000 kwa dakika. Hesabu mwenyewe. Mzunguko mmoja ni milisekunde 6, kwa wastani unasubiri nusu yake, 3, bado mkono wa diski kusogea, chukulia milisekunde 6 kwa kila usomaji mdogo wa huku na kule. Kazi ikihitaji kusoma mara milioni moja hivyo ni sekunde 6,000, saa moja na dakika 40, na prosesa imekaa tu. SSD nzuri ya NVMe, yani diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, inajibu kwa kama sehemu ya kumi ya milisekunde, kazi ileile inakuwa sekunde 100. Hapo hujagusa Xeon wala EPYC.

Hata kama sio diski, kumbuka jambo ambalo Gene Amdahl alilieleza 1967 na halijabadilika, sehemu ya kazi isiyogawanyika haisaidiwi na kori nyingi. Kufunga mwezi kwako ni masaa 8, kama masaa 4 ni yale ya mwanachama mmoja mmoja, ukinunua kori 64 au 192 bado masaa 4 yako palepale, yatapungua tu ikiwa kori moja inakimbia zaidi. Na hapa ndio kuna habari njema ambayo wauzaji wako hawakuisema, kori moja ya leo ni kali kweli. E5-2620 v4 yako inaishia 3.0 GHz ikijitahidi, kwenye EPYC 9005 kuna ya kori 16, modeli 9175F, inafika 5.0 GHz, alafu kwa kila GHz inafanya kazi nyingi kuliko ya 2016, kwahiyo kwa kazi ya thredi moja utapata zaidi ya mara mbili. Linganisha na ile ya kori 192, inaishia 3.7 GHz. Ukisoma namba ya kori peke yake utanunua yenye spidi ndogo kwa bei kubwa, na hili nimeliona likitokea.

Sasa leseni, na hapa naomba usome mara mbili. SQL Server 2022 Standard inatumia mwisho kori 24, na RAM ya bafa, ile ya kushikilia data ya databesi, mwisho GB 128. Hata uweke kori 64, databesi yako haitazigusa 40. Na kama leseni yenu ni ya kuhesabu kori, na mfumo umewekwa moja kwa moja kwenye seva, unalipia kori zote zilizopo kwenye mashine. Zinauzwa mbili mbili, kori 64 ni pakiti 32, kori 16 ni pakiti 8. Yani kotesheni zote mbili ulizoletewa zinakufanya ulipie mara nne ya leseni kwa kori ambazo nyingine haziruhusiwi hata kufanya kazi! Windows Server nayo inahesabu kori, kiwango cha chini ni 16 kwa seva, kwahiyo kori 16 ndio pale unapolipa kima cha chini na hakuna kilichopotea. Kama mnatumia leseni ya seva na CAL, yani leseni za watumiaji wanaoiunganisha, hesabu ya SQL inabadilika, waulize waliowauzia mna ipi, tafuta karatasi yake kabisa uione.

Kuhusu RAM nikupe kisa. Mwaka juzi niliitwa kwenye ofisi moja hapa Arusha, maeneo ya Njiro, seva mpya kabisa na wafanyakazi wanasema ya zamani ilikuwa afadhali. Nikazima, nikafungua mfuniko. Prosesa mbili za Xeon Silver 4114, nafasi za RAM 24, ndani kuna vijiti viwili tu vya GB 32, kimoja kwa kila prosesa, vilivyobaki ni vile vifuniko vya plastiki vya kuziba nafasi. Prosesa ile ina chaneli 6 za RAM, yani njia za kupitishia data, kila chaneli inapitisha GB 19.2 kwa sekunde, zikijaa zote ni GB 115.2. Wao walikuwa wanapita kwenye njia moja kati ya sita. Tenda iliandika GB 64, muuzaji akaleta GB 64, kisheria hana kosa. Tukatoa vile viwili tukaweka vijiti 12 vya GB 8, sita kila upande, na kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya seva, tukakuta imewekwa hali ya kuokoa umeme tukaibadilisha. Ile ripoti yao ya wiki waliyokuwa wanaianzisha wakienda kula mchana ikawa inaisha kabla hawajafunga ofisi mlango. Mhasibu wao alinishika mkono hakuuachia.

Kwahiyo kwenye kotesheni usiandike GB 256, andika idadi ya vijiti. EPYC 9005 ina chaneli 12, Xeon 6 za familia ya 6500P na 6700P zina chaneli 8. Dai zijae zote.

Umeme na joto nipite haraka ila usipuuze. E5-2620 v4 zako zinakula wati 85 kila moja, prosesa za juu kabisa za sasa zinafika wati 500 kwa moja. Seva ikila wati 500 muda wote ni yuniti 12 kwa siku, 4,380 kwa mwaka, bado AC. Na AC yenyewe, umeme ukikatika jenereta inabeba seva tu au na AC? Pale watu wengi wanapokwama, seva iko hai chumba kinachemka. Alafu sisi wa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi haibebi joto vizuri, wapo watengenezaji wanaosema seva inavumilia nyuzi 35 ila wanapunguza nyuzi moja kwa kila mita 300 ukishapita mita 900, soma karatasi ya seva yako maana kila kampuni ina kanuni yake. Nyie Moshi mko chini kuliko sisi kwahiyo kwenye hili mko afadhali, ila joto la Moshi la Januari na Februari we unalijua kuliko mimi.

Mi ningeandika tenda upya hivi. Prosesa moja tu, sio mbili, maana zikiwa mbili data inavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kwa ukubwa wenu haina faida. Kori 16, zenye kufika 4 GHz na ushee kwenda juu, Intel au AMD mimi sijali, wapambane hapo kwa bei na waranti. RAM chaneli zote. SSD za NVMe za seva, angalau mbili zinazoakisiana, na hakikisha ni zile zenye ulinzi wa umeme kukatika, zina kapasita ndani zinazoipa diski muda wa kumalizia kuandika, kwa umeme wetu huu hiyo sio anasa. Kama bajeti itabana sana kuna EPYC ndogo za familia ya 4005, kori mpaka 16, zina spidi nzuri, chaneli za RAM ni mbili tu lakini kwa SACCOS ya kawaida zinatosha. Habari za prosesa za ARM, aina tofauti na x86, kina Ampere na Graviton, ziache kwa sasa, SQL Server yako ni ya x86. Na ukiletewa iliyotumika usishuke chini ya Xeon za 2019, za kabla ya hapo matobo ya usalama ya Meltdown na Spectre yaliyojulikana Januari 2018 yanazibwa kwa viraka vinavyokula spidi.

Alafu mpigie aliyetengeneza mfumo, muulize kama riba inahesabiwa mwanachama mmoja mmoja kwenye kitanzi au kwa mkupuo. Kama ni kitanzi, mwambie abadilishe, ni kazi ya wiki chache na inaweza kukupa zaidi ya seva yoyote.

Usisaini chochote kabla hujafunga mwezi huu ukiwa unapima. Nitumie picha za yale madirisha 32 na ile tofauti ya muda wa kusubiri kutoka sys.dm_os_wait_stats, hata ikiwa ni usiku we tuma nitaangalia. Ikionekana PAGEIOLATCH ndio imekula masaa, tutaanza kwa kuweka SSD za SAS kwenye trei zilezile za hiyo Gen9, tufunge mwezi mmoja nazo, na hela ya bodi iendelee kukaa benki mpaka tuone imeisha saa ngapi.